Malindi kwa mafuta, Lamu kwa mwezi: pa kwenda ukitaka kuwinda baharini

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, shemeji yangu wa Nakuru hunipigia simu na swali lake lile lile: "Mwaka huu tuje Malindi, au tupitilize mpaka Lamu?" Shemeji huyu hana haja ya kuota jua ufuoni. Babake alikuwa mwindaji enzi hizo, naye amekua na hadithi za swara na nyati, na kilichobaki mwilini mwake ni ule uchu wa kumvizia kiumbe asiyetaka kupatikana. Miaka yote nimemjibu kwa vipande, leo hiki kesho kile. Safari hii nimeona niketi nimwandikie lote, maana wanaouliza kama yeye ni wengi.

Jibu fupi ni kwamba Malindi unawinda kwa mafuta, Lamu unawinda kwa mwezi. Anayetaka kupambana na samaki mrefu kuliko yeye, injini ikinguruma nyuma na nahodha akitoa amri, abaki Malindi. Anayetaka mkono wake ujifunze jambo ambalo jana haukulijua, apande basi aende Lamu, ila kabla ya kukata tiketi atazame mwezi. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na juu ya hayo moyo wangu uko Lamu. Nitaeleza kwa nini, na nitataja pia wale ambao ushauri wangu hauwafai.

Tuiondoe nchi kavu kwanza

Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza kamba zaidi: kuwinda kwa mchezo ni kosa, kuwinda kwa kitoweo ni kosa, kuuza nyama ya porini ni kosa. Kwa hivyo ukimsikia mtu pale stendi akikunong'oneza habari ya paa au nguruwe mwitu, mwache na maneno yake.

Nasema hivyo bila kubeza. Huku kwetu nyuma ya Malindi wako Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, na hapakuwa na watu waliomjua ndovu kama wao. Upinde wao ulikuwa mgumu kiasi kwamba mtu mzima asiyeuzoea hakuweza kuuvuta hata nusu, na mshale ulitiwa sumu ya msunguti. Tsavo ilipofanywa hifadhi mwaka 1948, kazi ya baba zao ikageuka kuwa ujangili. Bara ya Lamu wako Waaweer, ambao wengi tunawaita Waboni, watu wa msitu, asali na mawindo, nao marufuku iliwakuta vivyo hivyo. Ujuzi mwingi umeenda na wazee.

Ukitaka tu kumwona mnyama, Malindi inashinda bila ubishi. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko jirani, viboko wako mdomo wa mto Sabaki, na barabara ya kwenda Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala inaanzia papa hapa mjini. Beba kamera. Lakini shemeji hakuniuliza habari za kamera, kwa hivyo tushuke baharini.

(Wavuvi wenyewe hawasemi wanawinda, wanasema wanavua. Neno la kuwinda ni la shemeji, nami nimelichukua kwa kuwa kuna aina za uvuvi ambazo ukiziona utakubali kwamba ni mawindo hasa.)

Malindi: mawindo ya mwendo

Sifa ya Malindi ni samaki wakubwa wa maji ya buluu. Sababu iko chini ya maji. Kusini ya mji, kuelekea Watamu, kilindi hakiko mbali na ufuo, hivyo boti haihitaji siku nzima kukifikia. Ukivuka mdomo wa Sabaki kwenda kaskazini, upande wa Ngomeni, sakafu ya bahari inatanuka sana, na mbali huko nje kuna matumbawe na vilima vya chini ya maji ambako mikondo hupandisha maji baridi yenye chakula. Chakula kikipanda, dagaa hufuata. Dagaa wakiwapo, jodari huja, na nyuma ya jodari huja wale wenye panga puani.

Sabaki nayo ina kazi yake. Mvua ikinyesha bara, mto unateremka na udongo wote wa njiani, na bahari ya Malindi inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mgeni huona uchafu akanuna. Manahodha wa hapa hawanuni. Wanautafuta ule mstari ambapo maji mekundu yanakutana na maji safi, kwa sababu samaki wadogo hujificha kwenye tope na wakubwa huwangojea mlangoni. Ukiona boti inakwenda sambamba na mstari ule badala ya kuukata, jua nahodha wako anaijua kazi.

Namna ya kuvua ni kurambaza: boti inakwenda, mishipi inakokotwa nyuma, vyambo vinarukaruka juu ya maji kama samaki anayekimbia. Kila ubavu wa boti una ufito mrefu wa kuitandaza mishipi isishikane. Kazi kubwa ya saa tatu za mwanzo ni kutofanya kazi. Unakaa, unatazama povu, unakula sambusa iliyoingia chumvi. Halafu kunatokea kivuli nyuma ya chambo.

Niliwahi kupanda kama msaidizi kwenye boti hizo nilipokuwa kijana, na sulisuli wa kwanza niliyemwona sijamsahau. Alikuja ubavu, akiwa ameinua pezi la mgongoni, lile linalofanana na tanga, na mwili wake ukawaka milia ya buluu ambayo dakika moja nyuma haikuwapo. Hakukiuma chambo. Alikipiga kwa upanga, tap, tap, kama mtu anayebisha hodi. Mgeni aliyeshika fimbo akavuta kwa nguvu zake zote, na chambo kikatoka mdomoni mwa hewa. Nahodha akaguna tu. Sulisuli hupiga kwanza, hula baadaye. Lazima uulegeze mshipi, uhesabu, umwache ageuke na mzigo mdomoni, ndipo ukaze. Sekunde zile chache zinawashinda watu wazima wenye vyeo vyao.

Wa pili tulimpata. Aliruka mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na alipoletwa ubavuni hakupandishwa. Baharia alimdunga begani kwa kijiti chenye kipande kidogo cha nambari, akamshika upanga kwa glavu, wakamtembeza majini mpaka akapata pumzi, wakamwachia. Nambari ile huandikwa na kupelekwa African Billfish Foundation, shirika linalofanya kazi hiyo pwani yetu. Samaki yule yule akinaswa mahali pengine, watu wanajua alikotoka na amekua kiasi gani. Nilipomsimulia mama jioni, alinitazama akauliza: "Yaani wamelipa pesa zote hizo, halafu wakamrudisha?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sidhani ninalo hata leo. Lakini nguru, fulusi na jodari kwa kawaida hurudi nyumbani, kwa hivyo si kwamba utashuka mikono mitupu.

Msimu wa Malindi ni rahisi kuukumbuka. Kusi ikiwa kali, kuanzia Mei hadi Julai hivi, bahari inachafuka na boti nyingi hupandishwa nchi kavu zikapakwa rangi. Agosti zinaanza kurudi majini, na jodari ndiye mwenye zamu mpaka Oktoba. Novemba na Desemba ni za sulisuli. Januari mpaka Machi, kaskazi ikiwa imetulia na maji ya nje yakiwa safi, nduaro wakubwa, nao ni wa ukoo wa wenye panga, hupita.

Ubaya wa Malindi ni pesa. Kukodi boti ya siku nzima ni makumi ya maelfu ya shilingi, na mafuta ndiyo yanayokula sehemu kubwa. Mkiwa wanne mkigawana unapumua kidogo. Ubaya wa pili ni madalali wa ufuoni, na hapa nina kidonda changu. Mwaka mmoja nilimkodia rafiki boti kupitia kwa kijana mmoja mwenye ulimi mtamu. Boti tuliyoonyeshwa jioni ilikuwa mpya yenye injini mbili. Boti iliyotupokea saa kumi na moja alfajiri ilikuwa nyingine, na injini moja ilikuwa pambo. Tulirudi jioni kwa mwendo wa kobe, mawimbi yakitupiga ubavuni, rafiki yangu amelala kifudifudi akimwita Mungu kwa majina yote. Tangu siku hiyo sitoi rubuni mpaka nimesimama ndani ya chombo chenyewe, nimesikia injini zote mbili zikiwaka, nimehesabu jaketi za kuokolea, na nimeona redio ya mawasiliano inaitika.

Jambo jingine: si kila mahali Malindi panavuliwa. Hifadhi ya bahari ya Malindi, pamoja na ile ya Watamu, zilianzishwa mwaka 1968 na ni za kwanza hapa Kenya. Ndani ya hifadhi yenyewe huvui, hata kwa ndoana moja. Nahodha akikwambia "tutaiba kidogo tu," badilisha nahodha.

Nisiwanyime haki watu wa Mayungu. Kusini ya mji wako wavuvi wa mtumbwi na ngalawa wanaotega malema, na ukiongea nao kwa adabu watakuchukua. Lema ni mtego wa kusukwa, umbo la pembe sita, mdomo wake unaingia kwa ndani kama faneli: samaki huingia akifuata mwani na konokono, akitaka kutoka haoni njia. Hulazwa mwambani kwa mawe, hupinduliwa kesho yake. Siku hizi kuna malema yaliyoachiwa upenyo mwembamba pembeni ili vitoto vya tafi na pono vitoke. Ni uvuvi wa busara na wa bei nafuu, lakini shemeji atachoka. Mtego unawinda badala yako, wewe unaenda kukusanya.

Lamu: mawindo ya mkono

Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, kisha unavuka kwa boti. Ukishaingia Amu, yaani mji wenyewe wa Lamu, gari ni nadra kulisikia. Ni punda, na harufu ya samaki wa kukaanga, na watu wanaokuuliza kwanza umelalaje kabla ya kukuuliza unataka nini.

Hapa mshipi ndio shule. Si fimbo wala mashine, ni uzi mkononi, chubwi la risasi, ndoana mbili na kipande cha ngisi. Mashua inatia nanga upande wa nje wa kisiwa cha Manda, au kwenye mlango wa bahari karibu na Shela, na kila mtu anateremsha uzi wake mpaka auhisi umegonga chini, kisha anaupandisha pima moja. Huoni chochote. Unachojua kuhusu samaki ni kile kidole cha shahada kinachokwambia.

Mwalimu wangu alikuwa ami, ndugu mdogo wa baba, aliyeoa kisiwa cha Pate akabaki huko. Siku ya kwanza nilikuwa navuta kila nikiguswa. Ami alinitazama mpaka akachoka. "Mwanangu, wavuta kama mwenye kuteka mayi kisimani. Ndoo hapa, kaa kitako." (Kwao "ndoo" ni njoo.) Akaushika mshipi wangu kwa vidole viwili, akafumba macho. "Hao ni wadogo wachokoza chambo, wadona kama kuku. Waate." Tukakaa. Kisha akanirudishia mkono juu ya uzi, nami nikasikia mapigo mawili mazito, kimya, halafu uzi ukaanza kwenda taratibu. "Huyo ni changu. Sasa." Nikavuta, na kweli alikuwa yule samaki aitwaye changu. Tewa naye hana mapigo. Uzi unakuwa mzito ghafla kama umenasa jiwe, na usipomng'oa sekunde hiyo hiyo ataingia pangoni atanue matamvua, na hapo utakata mshipi wako ukamwachie ndoana. Ami alikuwa akiwataja kabla hawajatokea, na sikumbuki akikosea zaidi ya mara mbili.

Hilo ndilo ninalolipenda, na ndilo ambalo boti ya injini haiwezi kukupa. Malindi, nahodha ndiye mwindaji, wewe unashika fimbo. Lamu, ukikosa umekosa wewe.

Halafu kuna pweza, na hapo ndipo neno la shemeji linapokaa sawasawa. Pweza anasakwa kwa miguu. Unahitaji bamvua, zile siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, bahari inapojaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita tatu na zaidi kati ya kujaa na kupwa. Pwani yetu ina bahati moja: siku za bamvua maji hupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi, si usiku wa manane. Unakunywa chai yako, unatembea juu ya mwamba uliokuwa chini ya bahari alfajiri, na una kama saa mbili kabla maji hayajarudi kuudai mwamba wao. Siku za maji mafu hata usijisumbue, mwamba hautoki.

Silaha ni mchokoo, fimbo au chuma chembamba, na kikapu. Unachotafuta si pweza, maana pweza huwezi kumwona. Yuko mbele yako na rangi yake ni rangi ya jiwe, mpaka vile vinundu vya mwani ameviiga. Unatafuta nyumba yake. Mlango wa shimo la pweza umefagiwa safi, na nje kuna jaa la maganda: kaa aliyevunjwa, chaza aliyetobolewa. Wakati mwingine amejiwekea vijiwe mlangoni kama mtu aliyefunga duka. Mara ya kwanza nilipita juu ya mashimo matatu. Mwanamke mmoja wa Pate aliyekuwa nyuma yangu, ndoo kichwani, aliyachokoa yote matatu akatoka na wawili, wala hakusema neno, alitabasamu tu.

Ukimpata, unamchokoa polepole pembeni mwa shimo. Usimdunge ovyo, atashikamana na jiwe na utamkata mikono bure. Yeye mwenyewe hukasirika, anaunyosha mkono mmoja ukapima fimbo, wa pili ukauzunguka. Ukingoja mpaka mingi imeshika fimbo, unavuta kwa mara moja naye anatoka mzima mzima, wino ukimwagika. Hapo wenyeji humgeuza kichwa nje ndani kama soksi na amekwisha. Mimi bado nasitasita hapo kwenye kichwa, kwa hivyo huwa anapanda mkononi mwangu mpaka kwenye kiwiko, na alama za vinyonyi hubaki siku mbili nikieleza kila mtu.

Na chunga miguu. Mwambani yuko yule mdudu mweusi wa miiba mirefu, ambayo ikiingia inakatikia ndani, na yuko samaki wa sumu anayefanana kabisa na jiwe. Nimeshawahi kumkanyaga yule wa miiba nikiwa nimevaa malapa ya mpira. Nilibebwa. Akikuchoma samaki jiwe, lowesha mguu kwa maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, ukielekea hospitali.

Pate wamefanya jambo ambalo wageni wanapaswa kulijua kabla hawajabeba fimbo. Jamii za huko zimekuwa zikifunga baadhi ya miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha kuifungua. Pweza anaishi maisha mafupi, kama mwaka mmoja au zaidi kidogo, na anakua haraka mno. Ukimwacha miezi michache tu unamkuta mnene. Jike hutaga mara moja, akayalinda mayai bila kula, yakianguliwa anakufa. Kwa hivyo mwamba uliofungwa ni akiba ya watu. Uliza kikundi cha kusimamia ufuo, ile BMU ya kijiji, mwamba upi uko wazi, na uende na mwenyeji.

Kuna mawindo mengine ya Lamu nitayataja kwa kupita, kwa sababu ni ya kutazama zaidi kuliko ya kushiriki. Kizingitini ni nyumba ya wapiga mbizi wa kamba mawe. Kamba hujificha mapangoni, pembe tu zikionekana, na mzamiaji hodari hamvuti kwa mkono. Hufunga pweza kwenye ncha ya fimbo akamwingiza upande wa pili wa pango. Kamba akimhisi adui yake anaruka kinyumenyume, moja kwa moja ndani ya kimia kinachomngoja. Akiwa na mayai hurudishwa. Na Wabajuni wa zamani walikuwa na uwindaji ambao sijasikia wa kuupita kwa ujanja: walimtumia chazo, yule samaki mwenye kibandiko utosini kama soli ya kiatu, anayejigandisha kwenye papa na kasa. Walimfunga kamba mkiani, wakamweka majini ubavuni mwa chombo, na kasa akionekana wakamwachia. Chazo alikwenda kujibandika, nao wakavuta taratibu, kasa akaja. Leo kasa analindwa na sheria, na ni haki yake. Lakini mtu aliyeanza kuwaza kumtuma samaki akamkamate mnyama, namvulia kofia.

Basi nani aende wapi

Watoto: Lamu. Mtoto wa miaka minane anaweza kushika mshipi na kupata changu wa kwanza wa maisha yake, na mchana mnateremka ufuo wa Manda mnamchoma samaki yule yule kwa ndimu na pilipili. Kwenye boti ya kurambaza, mtoto huyo atakuwa amelala au amelia kabla ya saa mbili asubuhi.

Anayeugua bahari: mwambani kwa pweza, ambako ardhi haichezi. Boti inayorambaza polepole kwenye mawimbi marefu, moshi wa dizeli ukikufuata puani, huwapindua hata wenye matumbo ya chuma. Tangawizi husaidia, uongo hausaidii, kwa hivyo mwambie nahodha mapema.

Mwenye siku mbili tu: Malindi. Lamu ya siku mbili ni basi na boti, kisha boti na basi. Tena ukiikuta imo kwenye maji mafu umeenda kutazama milango ya kuchongwa, ambayo ni mizuri, lakini sicho ulichokuja kutafuta.

Mwenye pesa na anayetaka picha ya samaki wa kutisha: Malindi, Desemba hadi Machi, na akubali kwamba mwenye panga atarudishwa majini. Mwenye pesa kidogo: Lamu, ambako gharama kubwa ni ya kufika, ukishafika, chombo ni cha kugawana, na mshipi na ndoana unanunua dukani kwa bei ya vocha.

Lamu nayo ina mambo yake. Tangu bandari mpya ianze kujengwa upande wa Kililana, mkondo wa Mkanda umechimbwa na maeneo ya ndani waliyoyazoea wavuvi yamepungua. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Kwa hivyo usishangae nahodha akikupeleka nje zaidi ya pale mjomba wako alipovua miaka ya themanini. Na ukitamani kufika Kiunga, kwenye hifadhi ya bahari ya mwaka 1979, kuna miamba ya ajabu, lakini ni karibu na mpaka wa Somalia. Waulize wenyeji hali ikoje wiki ile ile unayosafiri.

Kisha kuna ile bunduki ya mshale. Shemeji, najua uliinunua, dada aliniambia. Iache Nakuru. Bunduki za kuvulia samaki zilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, pamoja na juya, ule wavu wa kukokota ufuoni unaozoa hadi vitoto. Ukionekana nayo Shela, ya Malindi au ya Lamu, maana Shela ziko mbili, utaanza likizo kwa kutoa maelezo.

Mwaka huu nakushauri hivi. Fungua kalenda utafute siku mwezi utakapoandama ndani ya likizo yako. Siku tatu kabla ya hapo njoo Malindi, tulale kwetu, tutoke na boti mara moja, ukate ile kiu ya kelele. Siku inayofuata tupande basi la asubuhi. Siku ya pili baada ya mwezi kuandama tuwe tumeshateremka Mtangawanda, kule Pate, kabla ya saa tatu asubuhi, ami atakuwa anatungoja na michokoo miwili. Leta viatu vya kufunika kidole, soli ngumu. Malapa nimeshayajaribu mimi.